UZI MAALUM: Vilima vya Peak District kwa baiskeli, kwa tulioko Uingereza na wanaotaka kujua tu

Mzee wa Gia

Wakuu kwema?

Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka juzi, na kila nikikaa kuandika zamu inaniita. Leo mvua inapiga Sheffield tangu alfajiri, baiskeli imelala koridoni, mama watoto kaenda kazini, sina kisingizio. Vuteni viti.

Nianze na kiburi changu. Mimi ni mtoto wa Morogoro, nimekulia chini ya Uluguru. Nilipofika huku wenzangu kazini walikuwa wananitishia habari za vilima vya Peak District, hifadhi ya taifa hapa jirani na Sheffield, nikawa nacheka kimoyomoyo. Nikafungua ramani nikaona kilele kirefu kuliko vyote humo, Kinder Scout, kina mita 636. Mita 636! Nikasema hawa hawajaona mlima. Nikanunua baiskeli ya mbio ya mtumba kwa jamaa mmoja mtaani, pauni 180, nikajaza chupa ya maji, nikatoka.

Nilirudi na treni.

Kosa langu lilikuwa kupima kilima kwa urefu. Barabara ya mlimani kwetu, chukua Kitonga au ile ya Mombo kwenda Lushoto, imechorwa na mhandisi anayejua kwamba lori lenye shehena litapita hapo. Anaizungusha, anaikata ubavuni, inapanda kidogo kidogo. Njia nyingi za vijijini huku hazikuchorwa na mtu. Zilianza kama njia za farasi wa mizigo waliobeba chumvi, sufu na madini ya risasi, na mwenye farasi hazunguki mlima bila sababu, anaupanda moja kwa moja. Karne zikapita, baadaye lami ikamwagwa juu ya njia ileile. Matokeo yake ni kilima cha kilomita moja na nusu kinachokutoa roho, kikiisha unashuka na kupoteza chote ulichopata, halafu kingine kinaanza pale pale kwenye daraja. Jioni unakuta umepanda zaidi ya mita 1,000 kwa jumla, na siku nzima hujafika mita 500 juu ya usawa wa bahari.

Sheffield yenyewe imebebana na vilima hivi. Karibu theluthi moja ya eneo la jiji iko ndani ya hifadhi ya taifa, na hifadhi hiyo ndiyo ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Ukisikia hifadhi usiwaze Mikumi. Humu ndani watu wanaishi: kuna vijiji, mashamba, makanisa, baa, hata kiwanda cha saruji chenye bomba la moshi linaloonekana kutoka kila kona, Wazo Hill kabisa.

Njia yangu ya kwanza, ambayo naipita hadi leo, ni mzunguko wa kama kilomita 70. Unatoka Hunters Bar, unashika Ringinglow Road. Nyumba zinapungua, zinaisha, na unapanda tu. Mwisho wa nyumba kuna baa na kijumba cha ajabu chenye pembe nane, zamani walikaa humo watoza ushuru wa barabara. Ukipita hapo dunia inafunguka: nyasi za kahawia, upepo, kondoo waliopakwa rangi mgongoni ili mwenye mali awajue. Mwezi Agosti mlima wote unageuka zambarau kwa maua. Kabla ya kushuka Hathersage, mkono wa kulia unaona ukuta mrefu wa miamba, ndio Stanage, na chini yake yamelala mawe ya kusagia yaliyochongwa yakaachwa pale pale. Jiwe hilo ndilo nembo ya hifadhi.

Hathersage hadi Hope ukifuata barabara kuu magari ni mengi. Mimi nakwepa kwa vijia vya Thornhill na Aston. Unaongezewa kilima, ila unabaki wewe na ndege. Hope hadi Castleton ni tambarare, kula hapo, kunywa hapo, kwa sababu baada ya Castleton kuna kitu kinaitwa Winnats.

Winnats nitaishushia posti yake. Chai imechemka.

Mtu Kwao

Nimekaa pale. Picha mkuu, uzi bila picha ni hadithi za Abunuwasi.

Kiboko ya Kitonga

Tuheshimiane mkuu. Mita 636 zikurudishe na treni? Mimi Kitonga nimeona mzee anasukuma Phoenix yenye magunia mawili ya mkaa, kanda mbili mguuni, na anapiga mluzi.

Mzee wa Gia

Kiboko ya Kitonga, neno umelitaja mwenyewe: anasukuma. Yule mzee ana akili kunishinda. Mimi nilikataa kushuka.

Haya, Winnats. Jina lenyewe maana yake ni milango ya upepo, na upepo haujawahi kunipokea vizuri pale. Unatoka Castleton, unapita juu ya vyuma vilivyolazwa kwa kuachana juu ya shimo (kondoo havuki, baiskeli inavuka ukienda umenyooka), halafu kuta za mawe ya chokaa zinakusogelea kushoto na kulia. Barabara iko katikati ya bonde, finyu. Kibaya zaidi ni kwamba huna kona ya kukuficha. Unauona mlima mzima mbele yako tangu chini, na magari yaliyo juu yanaonekana kama vibiriti.

Bango linasema asilimia 20. Maana yake kila mita 100 unazokwenda mbele unapanda mita 20. Ukiwa kwenye gari unasoma unapita. Kwenye baiskeli unaanza kufanya mahesabu ya maisha yako.

Siku ile ya kwanza niliingia na viatu vya kunasa kwenye pedali, nilivyovinunua wiki ileile ili nionekane mtu. Mita 300 za mwanzo nilikwenda vizuri, nikampita hata mama mmoja anayetembea. Kisha gia zikaisha. Nilibonyeza kutafuta nyepesi zaidi, hakuna, nikabonyeza tena kama mtu anayebonyeza lifti. Cheni inalia kri, kri. Kila nikikanyaga gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linataka kunyanyuka. Nikaanza kwenda zigizaga. Gari likaja nyuma, nikanyoosha, nikakosa mwendo, na baiskeli isiyo na mwendo unajua inafanya nini. Mguu wa kulia umenasa, wa kushoto umenasa. Nilianguka polepole kabisa, kama mnazi unaokatwa, mbele ya familia iliyokuwa inapiga picha. Yule mama niliyempita akanifikia, akaniuliza kama niko salama. Kondoo mmoja aliniangalia bila kuacha kutafuna.

Nilisukuma hadi juu, nikashuka upande wa pili, nikapanda treni Edale.

Mtauliza kwa nini magari yapite mahali kama pale. Zamani kulikuwa na barabara pana iliyopita ubavuni mwa mlima wa jirani, Mam Tor. Mlima huo udongo wake unateleza, wenyeji wanauita mlima unaotetemeka. Walitengeneza barabara, ikapasuka, wakatengeneza tena, ikakatika, mwaka 1979 wakakata tamaa wakaifunga moja kwa moja. Ukienda leo unakuta lami imevunjika tabaka kwa tabaka kama chapati ya maji iliyoanguka, mstari mweupe wa katikati bado unaonekana. Ndipo njia ya farasi ikarudi kuwa njia ya magari, ila yale makubwa hayaruhusiwi.

Mwaka 2021 mashindano ya taifa ya kupanda vilima yalifanyika hapo Winnats. Nilikwenda kuangalia. Wale watu wanakata hata mpini wa usukani kupunguza uzito. Nilirudi nyumbani kimya.

Fundi Spoku

Mkuu, baiskeli hiyo ya pauni 180 mbele ilikuwa na meno mangapi?

Mzee wa Gia

Fundi, mbele 53 na 39. Nyuma kubwa kabisa 25.

Fundi Spoku

Nilijua. Jamaa alikuuzia baiskeli ya tambarare. Ngoja niwawekee wengine hesabu, maana watu wanafikiri ni suala la mapafu tu.

39 gawanya kwa 25 ni 1.56. Gurudumu la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo si mingi, unatakiwa uwe unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye asilimia 20 mtu wa kawaida anakwenda 7. Kwa hiyo miguu yako ilikuwa inazunguka kama mara 35 kwa dakika. Hapo huendeshi baiskeli, unapanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja huku umebeba gunia. Goti ndilo linalolipa.

Sasa weka mbele 34 na nyuma 34. Jino kwa jino. Mizunguko 60 inakupa kilomita 7.5 kwa saa, ndiyo kasi yenyewe ya mlima. Hujawa na nguvu zaidi, umepewa gia ya kutumia nguvu ulizonazo. Kabla ya kununua nguo za kubana nunua sproketi, yaani yale magurudumu ya meno ya nyuma. Na angalia kama derela ya nyuma, kile chuma kinachohamisha cheni, inaweza kubeba meno hayo, za zamani nyingi mkono wake mfupi haufiki.

Jambo jingine: ukibadilisha gia kilimani huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni inaruka au inakatika. Badilisha kabla mwinuko haujaanza, au legeza mguu nusu mzunguko.

Mzee wa Gia

Kula like fundi. Hii nimejifunza kwa maumivu. Sasa hivi nina 34 kwa 32 na Winnats naimaliza bila kushuka, ila usiniongeleshe.

Nyayo za Kikuyu

Wadau, mnaongea vilima vya huko na hakuna aliyetaja kijana wetu? Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985, na baiskeli alifundishwa huku Kikuyu na David Kinjah, kwenye barabara za matope na matatu. Mwaka 2006 alikimbia michezo ya Jumuiya ya Madola kwa bendera ya Kenya. Baadaye ndio akabadilisha akawa wa Uingereza, akachukua Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli, mara nne.

Na 2014 Tour ilianzia huko kwenu. Hatua ya pili ilitoka York ikaishia Sheffield. Mzee wa Gia ulikuwa hapo?

Mzee wa Gia

Sikuwa nimefika bado, lakini hadi leo wenyeji wanaihesabia miaka: "hiyo ilikuwa kabla ya Tour". Froome alikuja kama bingwa mtetezi, Mwitaliano Vincenzo Nibali akashinda siku hiyo. Karibu na mwisho, ndani kabisa ya Sheffield, waliwapitisha Jenkin Road. Ni mtaa wa kawaida, nyumba za watu, mapipa ya taka nje, na mwinuko unafika asilimia 33. Kuna vyuma vya kushikia pembeni kwa ajili ya watembea kwa miguu. Nimepanda mara moja. Sitaki kuiongelea.

Kwa vijia vya kimyakimya lakini, njia ya Tour achana nayo. Holme Moss kwa mfano, kilima kimojawapo cha njia hiyo, ni nzuri kwa kujipima, ila ni barabara ya magari.

Binti Malindi

Assalaam aleikum jamiani. Mie niko Sheffield kwa masomo mwaka wa kwanza, natokea Unguja, hatuna kilima cha kutajika. Baiskeli ninayo, ya kawaida tu, ina gia saba. Nina maswali yangu matatu, msinicheke.

La kwanza, mtu anayeanza aanzie wapi huko, maana huyo kondoo wa Winnats mie simtaki. La pili, nasikia vijijini kote ni baa tu, je mtu anakula nini, anakunywa nini, na sala je? La tatu, mwanamke peke yake mwenye stara zake kwenye njia hizo zisizo watu, pana usalama?

Mzee wa Gia

Waaleikum salaam dada. La tatu namwachia atakayejibu kwa kujua. Mawili ya mwanzo haya hapa.

Anza na Monsal Trail. Ilikuwa reli, ikafa, sasa ni njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kama kilomita 13.5 kati ya Bakewell na bonde lililo karibu na Buxton. Treni haiwezi kilima, kwa hiyo na wewe hupandi kilima. Unapita juu ya daraja refu la mawe pale Monsal Head, mto uko chini kabisa, halafu unaingia kwenye mahandaki yaliyofunguliwa kwa baiskeli 2011. Ndani kuna taa lakini giza likiingia nje wanazizima, kwa hiyo usichelewe, na beba taa yako. Kuna baridi humo hata Julai, na matone yanadondoka shingoni. Si lami, ni changarawe iliyoshindiliwa, baiskeli yako ya kawaida itapita vizuri kuliko yangu.

Chakula: Baa ya kijijini huku mchana ni kama mgahawa. Watoto wamo, mbwa wamo, vikongwe wanakunywa chai. Mimi naagiza chai na maharage juu ya mkate wa kuchoma na yai, na namwambia anayepika yai liende kwenye kikaango kingine, maana kile cha kwanza nyama ya nguruwe imeshapita. Hakuna aliyewahi kuninunia. Ukimaliza omba wakujazie chupa maji.

Sala: una shamba zima. Kaa upande wa ukuta usio na upepo. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa husalia kwenye koti lake la mvua, anasema tatizo lake ni mavi ya kondoo tu, kagua kwanza.

Shangazi wa Leicester

Binti Malindi mwanangu, la tatu nalijibu mimi. Nina miaka 52 na naendesha peke yangu.

Mavazi: suruali ya kubana ndani, juu yake suruali nyepesi au gauni fupi la magotini, funga pindo la kulia kwa mpira ili cheni isilile. Hijabu ya kitambaa cha michezo inakaa chini ya kofia bila kuvimba. Baibui liache nyumbani si kwa sababu ya watu, kwa sababu ya spoku. Nililipoteza moja Rutland, lilijifunga nyuma likanishusha mzimamzima.

Usalama: kwenye vijia vile hatari niliyokutana nayo ni magari kwenye kona na ng'ombe waliotoka malishoni. Watu, wengi wanakusalimia. Mpe mtu ratiba yako, washa simu imwonyeshe ulipo, na jua kwamba kwenye mabonde mtandao unakatika, Edale hasa. Usiamue kumpigia mtu ukiwa shimoni.

Kofia ya kinga si sheria, lakini mimi mtoto wangu nisingemwacha atoke bila kofia. Taa giza likiingia ni sheria: nyeupe mbele, nyekundu nyuma.

Binti Malindi

Shukran sana shangazi. La baibui limeniingia.

Karani wa Leeds

Naongezea kuhusu kutafuta njia tulivu, maana watu wengi wanafuata simu na simu haijui utulivu, inajua ufupi.

Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani. Barabara zilizopakwa njano ndizo ndogo, na zile nyembamba kabisa za njano ndizo zako. Kisha tafuta vishale vidogo vyeusi juu ya barabara. Kishale kimoja ni mwinuko wa asilimia 14 hadi 20. Viwili ni zaidi ya 20. Kinaelekeza chini, kwa hiyo kama kinakutazama wewe, jiandae. Ukijua hilo unaweza kuchora mzunguko wako ukiwa mezani, ukachagua kupanda upande wa kishale kimoja na kushuka wa viwili. Au kinyume, kama breki zako huziamini.

Na kwa wageni: njia iliyoandikwa ni ya waenda kwa miguu usipite na baiskeli. Ya farasi inaruhusiwa.

Magari: tangu 2022 kanuni za barabarani zinasema mwenye gari anayekupita aache angalau mita moja na nusu, na wewe kwenye njia tulivu unaruhusiwa kukaa katikati ya upande wako. Kaa hapo hasa kabla ya kona. Ukijibana ukutani dereva anadhani kuna nafasi, na nafasi haipo.

Kiboko ya Kitonga

Sawa, vilima nimekubali. Sasa vijiji. Mnaposema "kijiji kimetulia" mnamaanisha nini? Kijiji changu kikitulia ujue kuna msiba.

Mzee wa Gia

Swali zuri kuliko yote. Mimi ndivyo nilivyohisi mara ya kwanza. Niliingia Foolow saa nne asubuhi ya Jumamosi. Bwawa dogo la bata, msalaba wa mawe, nyumba za mawe, maua madirishani, na hakuna mtu. Hakuna redio, hakuna mtoto analia, hakuna anayekaanga kitu. Nikasema wamekwenda kuzika wote. Kumbe ndivyo kulivyo. Watu wako ndani au bustanini nyuma. Wengi kazi zao ziko Sheffield, Manchester, Chesterfield, na nyumba nyingine ni za wageni wa wikiendi.

Ukizoea unaanza kuona dalili za watu. Nje ya shamba moja kuna meza ndogo yenye kibanda cha mbao, ndani mayai kwenye trei, pembeni kopo la chuma lenye tundu na karatasi imeandikwa bei kwa kalamu: sita pauni mbili. Hakuna muuzaji. Unachukua, unatumbukiza hela, unaondoka. Mara ya kwanza nilisimama hapo dakika tatu nikimtafuta mtu wa kumpa. Nikatumbukiza sarafu, ikalia ndani ya kopo, mbwa akabweka mahali fulani, basi, biashara imekwisha. Mayai niliyafunga kwenye soksi za akiba mgongoni. Mawili yalipasuka kwenye mteremko wa Bradwell na soksi zile hazikupona.

Mtu Kwao

Kwetu hilo kopo lingekwenda na meza.

Mzee wa Gia

Mtu Kwao, usijidharau. Nimesogea karibu nikaangalia: kopo limefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na kufuli. Na meza imepigiliwa misumari.

Ila kijiji ambacho kimya chake kina uzito ni Eyam, na njia yake ndiyo naipenda kuliko ya Winnats. Kutoka Hathersage unafuata mto hadi Grindleford, halafu unapanda kwa muda mrefu kwenye miti. Kilima hiki kinakuvumilia. Unatokea juu, unashuka ndani ya kijiji.

Mwaka 1665 tauni ilifika hapo ndani ya furushi la nguo kutoka London, lililopelekwa kwa fundi cherehani. Viroboto walikuwemo. Msaidizi wa fundi alikufa kwanza, majirani wakafuata. Mwaka uliofuata kasisi wao, William Mompesson, aliwashawishi watu wajifungie: asitoke mtu, asiingie mtu, ili vijiji vya jirani vipone. Wakakubali. Kumbukumbu za kijiji zinataja waliokufa kuwa 260. Nje ya kijiji, shambani, kuna jiwe la mpaka lenye matundu. Humo waliweka sarafu ndani ya siki, majirani wakachukua sarafu na kuwaachia chakula. Nimetia kidole kwenye tundu moja. Kingo zake zimekuwa laini kabisa, kama kinu cha zamani.

Mbele kidogo, upande wa kurudi Grindleford, kuna makaburi ya familia moja yamezungushiwa ukuta. Mama aitwaye Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, akiwa peke yake. Pale huwa nashuka kwenye baiskeli hata kama kilima hakijaniomba.

Kutoka Eyam unakwenda hadi Foolow kwa wale bata, Great Hucklow, kisha mteremko mrefu wa Bradwell hadi Hope. Kama miguu imekwisha, Hope kuna stesheni. Treni ya Sheffield kwenda Manchester inasimama vituo vyote hivyo, Edale, Hope, Bamford, Hathersage, Grindleford, na inabeba baiskeli bure ila nafasi ni chache sana. Siku za jua mnabaki stesheni mnatazamana. Kabla ya Sheffield inaingia handaki la Totley, zaidi ya kilomita tano na nusu gizani, na mimi huwa naamka mwisho wa handaki.

Fundi Spoku

Mteremko wa Bradwell na soksi za mayai! Breki je, za kubana rimu au za diski? Kwenye mvua rimu zinachelewa sana kushika.

Mzee wa Gia

Rimu. Na kweli zinachelewa, unabana mzunguko mzima unapita bila kitu. Mvua ikinyesha nagusa breki kidogo kidogo mapema, kufuta maji, ndipo nabana. Siku ya mvua sishuki Winnats hata kwa dawa. Nageuza mzunguko, napanda Winnats, nateremkia Edale.

Disemba hadi Februari mimi huwa natoka kidogo sana. Disemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na kwenye vivuli vya miti barafu inabaki siku nzima, nyeusi, huioni. Wanamwaga chumvi barabara kuu, vijia vya njano wanaviachia Mungu. Juni ndio sikukuu: hadi saa tatu usiku bado kuna mwanga, nikitoka zamu ya mchana napata saa nne nzima za barabara.

Nyayo za Kikuyu

Umetisha mzee. Nikija kumtembelea dada yangu Manchester nakutafuta, tukutane katikati, Edale. Mimi nitakuja na treni.

Binti Malindi

Jamani, narudi kutoa ripoti. Jumapili nilikwenda Monsal Trail kama nilivyoelekezwa. Mahandaki nimeyapita, matone ya shingoni nimeyapata. Baada ya hapo nikaingiwa na kiburi kama chenu, nikasema nipandishe kwenda Litton, kilomita chache tu. Nilisukuma nusu yake, na mluzi sikupiga.

Juu kabisa nikakuta kibanda cha mayai. Kopo lina kufuli kweli. Mzee mmoja alikuwa anapogoa maua akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Zanzibar, akaniuliza kama kuna vilima. Nikamwambia ndio maana nimekuja.

Mayai niliyafunga kwenye mtandio wa akiba, nikayaweka kwenye kikapu cha mbele. Sita nimenunua, sita yamefika.

Mzee wa Gia

Kikapu cha mbele! Miaka yote hii sikuwaza.